Shahidi wa Kengele ya Maji

Asubuhi ile ya Jumamosi Mkasi alikuwa kibarazani akikata nyuzi zilizoning'inia kwenye mashati ya wateja, kazi yake ya kila mwisho wa wiki, alipoinua macho akamwona msichana asiyemjua amesimama mbele yake. Alikuwa wa rika lake, mwembamba, na kifuani alikumbatia mfuko uliofungwa kwa kamba imara, utadhani ndani mna kuku anayetaka kutoroka.

"Hodi," alisema msichana.

"Karibu. Kama ni sketi ya shule, mama hapokei kazi mpya mpaka wiki ijayo. Kama ni kubadilisha zipu, acha hapo."

Msichana hakuacha kitu. Aliutazama mlango, akaitazama cherehani iliyokuwa ikinguruma ndani, kisha akasema taratibu, "Ngoja kwanza. Hapa ndipo kwa mama mkubwa?"

Cherehani ilinyamaza. Mama Mkasi alitoka, futi ya kitambaa shingoni na pini mdomoni. Alipomwona mgeni alizitema pini kiganjani, akapiga kelele ya furaha na kumkumbatia mtoto pamoja na mfuko wake. Kumbe mama mdogo alikuwa amepata kazi ya ghafla mji wa mbali, akatuma ujumbe kwamba anamtuma binti yake akae hapa mpaka shule zitakapofungwa. Simu ya mama ilikuwa imezimika tangu jana. Ujumbe umo ndani ya simu, mtoto yuko mlangoni.

"Huyu binamu atalala wapi?" Mkasi aliuliza.

"Binamu wa wapi? Mtoto wa mama mdogo wako ni ndugu yako, usinichekeshe. Atalala kitandani kwako, upande wa ukutani."

"Mama, upande wa ukutani ni wangu!"

"Ulikuwa wako," alisema mama, akarudi kwenye cherehani.

Hapo ndipo ilipoanza, ingawa Mkasi mwenyewe hakujua kama kuna kitu kimeanza.

Jina la Mkasi alipewa utotoni kwa sababu ya kukata nyuzi, likamganda kwa sababu ya ulimi wake, ambao nao ulikata. Mgeni hakukaa siku nyingi kabla hajapata lake. Ukimwambia, "Twende," atasema, "Ngoja kwanza." Ukimpa chai, ataipuliza, ataiangalia, "Ngoja kwanza." Mtaa mzima ukamwita Ngoja, naye akaitika bila kinyongo.

Ndani ya ule mfuko hamkuwa na kuku. Mlikuwa na redio iliyokufa, skrubu kwenye kopo la dawa, nyaya, na honi iliyong'olewa kwenye gari la kuchezea. Mkasi alicheka.

"Umesafiri na takataka?"

"Si takataka," alisema Ngoja. "Sijajua tu bado ni nini."

Jumamosi hiyohiyo jioni Mkasi alimpeleka kwenye kikundi cha vijana cha mtaa. Walikutana katika ukumbi mdogo uliokuwa zamani ghala la mbao; mpaka leo ukiegemea ukuta unatoka na vumbi la mbao mgongoni. Kikundi kilitoa beji za kila namna: ya huduma ya kwanza, ya usafi, ya kupanda miti. Mkasi alikuwa nazo zote tatu, na alipenda kutembea ubavu kidogo, bega la beji likitangulia.

Mwaka huo mlezi wao, mwanamke kijana aliyekuwa fundi umeme na watoto wakimwita Dada Fundi, alikuwa ameleta beji mpya ya bluu yenye picha ya balbu. Ilikuwa beji ya sayansi na ufundi.

"Hii haipatikani kwa kukariri," alikuwa amewaambia siku alipoileta. "Tafuta tatizo moja la nyumbani kwenu, ulitatue kwa mikono yako, kisha uje utueleze kazi yako inavyofanya kazi na mahali ilipokukatalia. Watakaokuwa nayo kabla shule hazijafungwa tutakwenda nao kambi ya sayansi. Kule kuna darubini kubwa ya kuangalia mwezi."

Tangu aliposikia neno darubini, Mkasi hakuwa na raha. Aliutaka ule mwezi. Alitaka kuyaona mashimo yake kama anavyoyaona matundu ya vifungo.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Mtu hakusimama mwenyewe kusema kwamba kazi ni yake. Mwanachama mwenzake aliyemwona akiifanya tangu mwanzo ndiye aliyesimama kuwa shahidi, na shahidi huyohuyo ndiye aliyemshonea beji. Tena, ili watoto wasilipane sifa, nisifu nikusifu, aliyekuwa shahidi hakuruhusiwa kuonyesha kazi yake siku hiyo. Yeye alisubiri muhula uliofuata.

Siku ile ya kwanza Ngoja alibaki mlangoni, miguu imemkatalia kuingia. Mkasi alimwonea huruma, ile huruma ya kumwonea kifaranga aliyenyeshewa.

"Ingia, hawakuli. Mimi nitakuwa shahidi wako. Siku ukipata beji nitakushonea kwa mkono wangu mwenyewe, mishono midogomidogo."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Ahadi hiyo haikuwa nzito ulimini mwake. Moyoni alijua kwamba Ngoja atamaliza mwaka mzima akijifunza kushika bisibisi.

Mkasi alikuwa tayari na kazi yake. Mama alishona macho yakiwa karibu kugusa sindano, kwa sababu mwanga wa dirishani haukutosha. Basi Mkasi alichukua vitaa vya tochi mbovu, akavifunga kwenye shingo ya cherehani, akatengeneza swichi iliyokaa chini ya pedali. Mama akikanyaga, taa inawaka. Akiondoa mguu, inazimika. Mvulana mmoja wa kikundi, aliyeitwa Spika kwa sababu hakujua kunong'ona, alikuwa akija kumtazama akifanya kazi, maana ndiye angekuwa shahidi wake.

Tatizo la Ngoja lilikuwa bombani. Maji yalikatika katika mtaa ule na kurudi yanapotaka. Watu waliacha bomba wazi na ndoo chini yake, wakawa wanatega masikio. Kwa mama Mkasi kutega sikio hakukusaidia, kwa sababu cherehani ikinguruma hata mvua ya mawe huisikii. Maji yalikuja, yakamwagika, yakakatika, na pipa likabaki linamtazama mtu kwa kinywa kikavu.

Ngoja alikaa mbele ya ile ndoo siku nyingi, kidevu juu ya magoti. Kisha akachukua chupa tupu ya plastiki, akaifunga kwenye kijiti. Ndoo ikianza kujaa, chupa inaelea na kupanda. Ikipanda, kijiti kinagusanisha vipande viwili vya bati. Bati zikigusana, umeme wa betri unapita na ile honi ya gari la kuchezea inalia. Sauti yake ilikuwa kama ya jogoo aliyekabwa, lakini ililia.

"Maji!" alipiga kelele bibi wa nyumba ya pili siku ya kwanza kuisikia. Alikuja mbio na ndoo zake, kanga imekaa upande. Alipojua ni kazi ya nani, alimshika Ngoja mashavu. "Mjukuu wangu, wewe una akili kuliko bomba lenyewe!"

Watu walicheka. Mkasi pia alicheka, lakini aliacha kabla ya wenzake.

Kuanzia hapo kila kitu kilimchoma. Mama alisema, "Mwone mwenzio anavyotulia," ikamchoma. Dada Fundi alichuchumaa mbele ya ile ndoo kwa muda mrefu akiuliza hili na lile, ikamchoma, kwa sababu mbele ya taa ya Mkasi alikuwa amesimama tu. Usiku Ngoja alilala fofofo upande wa ukutani, na hata usingizi wake Mkasi aliuonea wivu.

"Mkasi," alisema Spika mbele ya watu, "naona umepata jiwe la kukunoa!"

"Nyamaza wewe, betri zako ziishe."

Lakini kilichomchoma zaidi kilitoka kwa Dada Fundi. "Ngoja naye yuko tayari kwa siku ya mwisho wa muhula," alisema. "Ni vizuri, maana shule zikifungwa mama yake anakuja kumchukua, na huko waendako hakuna kikundi. Shahidi wake ni nani?"

"Mkasi," alisema Ngoja kwa furaha. "Aliniahidi."

Mkasi akiwa shahidi wa Ngoja, taa yake haitaonyeshwa. Taa isipoonyeshwa, hakuna beji, na bila beji hakuna darubini. Na hakuna mtu mwingine aliyeiona ile kengele tangu mwanzo. Njiani kurudi nyumbani alijikuta anaomba kimyakimya: ile honi ife. Kengele ikifa hakuna cha kushuhudia, na hakuna atakayesema Mkasi amevunja ahadi.

Siku chache baadaye Ngoja aliamua kuileta honi mpaka chumba cha mbele, karibu na sikio la mama. Nyaya zake hazikufika. Akafungua redio ile iliyokufa, akaondoa waya mwembamba wa shaba uliokuwa umezungushwa ndani, akaunganisha. Aliinua chupa kwa mkono. Honi ililia kwa sauti ya chini, kama yenye mafua.

"Mkasi, hebu njoo uangalie. Imelia, lakini ngoja kwanza, kuna kitu. Unaona kosa lolote?"

Mkasi aliinama. Aliliona mara moja. Waya wa namna ile huonekana mtupu kumbe umepakwa rangi nyembamba inayong'aa, na rangi hiyo haipitishi umeme. Yeye mwenyewe taa yake iliwahi kumtesa wiki nzima kwa sababu hiyo, mpaka Dada Fundi alipomwonyesha. "Waya huu umevaa shati," alisema Dada Fundi siku ile. "Mvue shati ndipo umpe kazi." Ngoja alikuwa hajafika wakati huo. Alikuwa ameusokota waya na shati lake. Umeme ulikuwa unapita kwenye mkwaruzo mdogo tu. Leo ungeshika, kesho ungeachia.

Kulisema lile neno kulihitaji pumzi moja tu. Kwaruza ncha, basi.

"Mimi naona iko sawa," alisema Mkasi.

"Kweli?"

"Si nimekwambia?"

Ngoja alitabasamu. "Wewe ukisema, mimi sina wasiwasi."

Maji yalikuja siku iliyofuata mchana. Mama alikuwa akishona mashati meupe ya wanafunzi, oda kubwa, na vipande alivyokwisha kukata alivitandaza kwenye mkeka chumba cha nyuma, karibu na mlango wa uani. Hakuwa na haja ya kutega sikio. Alikuwa na kengele. Ngoja alikuwa ametumwa nyuzi dukani. Mkasi alikuwa amemshikia mama kitambaa, cherehani ikinguruma, na honi juu ya meza ilikuwa kimya kama jiwe.

Ngoja ndiye aliyepiga kelele aliporudi. "Mama mkubwa! Maji!"

Walikimbia. Ndoo ilikuwa imefurika zamani. Maji yalikuwa yamechukua udongo wa uani, yakapanda kizingiti na kuingia ndani taratibu kama mgeni aliyekaribishwa. Mikono, kola na mifuko ya mashati vilikuwa vinaelea kwenye tope. Na mama alipokimbilia bomba ili angalau ajaze pipa, bomba lilikohoa mara moja na kukauka.

Kwenye ua wa pili bibi alisimama na ndoo zake tupu. "Jamani, kengele haikulia? Mimi nilikuwa naisubiri."

Ngoja alipiga magoti kwenye tope. "Mama mkubwa, kosa ni langu. Nilitaka kuonyesha akili. Nitaing'oa, nitaitupa."

"Inuka, mwanangu, utalowa," alisema mama. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. Aliokota kola moja, akaikamua, tope likamtiririka mpaka kwenye kiwiko. "Nipeni beseni. Bibi ana maji ya akiba kidogo, kamwombe."

Walifua kwa maji ya kuazima, kipande kimoja baada ya kingine. Mkasi alisugua. Mbele yake Ngoja alikuwa anasugua huku machozi yanadondokea povu, na kila baada ya muda ananong'ona, "Sijui nilikosea wapi. Sijui kabisa." Mkasi alikuwa amepata alichokiomba. Kengele imekufa.

Aliiweka chini kola aliyokuwa akiifua.

"Mimi najua ulikokosea," alisema. "Nilijua tangu jana."

Mama aliacha kukamua.

"Ule waya umepakwa rangi. Ulitakiwa kuikwaruza kwenye ncha. Uliponiuliza nilikuwa nimeshaiona, nikakwambia iko sawa." Maneno yalitoka haraka, kwa woga kwamba yakisita yatarudi. "Nilitaka kengele ife, ili nisiwe shahidi wako, nionyeshe taa yangu. Mama, mashati haya nimeyachafua mimi."

Ngoja alimgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

Ngoja aliinuka, akafuta mikono kwenye sketi, akaingia chumbani. Hakusema hata "ngoja kwanza".

Mama alivuta kigoda. Mkasi alisubiri kukaripiwa, alitamani kukaripiwa. Lakini mama alimpa upande mmoja wa kitambaa, yeye akashika mwingine, wakakamua pamoja.

"Mama yako mdogo alipokuwa mdogo," alisema mama, "alikuwa anapendeza kwa kila nguo. Mimi nilishona, yeye akavaa, watu wakamsifu yeye. Nilikuwa nikikaa hapa kwenye cherehani roho inaniuma kweli. Wivu utakuja, mwanangu, siwezi kukudanganya. Lakini usiupe kazi. Jana uliupa kazi, na angalia ulivyofanya: Ngoja analia, bibi hana maji, mimi nitafua mpaka mgongo ukatike, na taa yako haijawaka zaidi hata kidogo."

Mkasi alilia hapo, kilio cha kelele, kamasi na vyote.

Asubuhi alipoamka Ngoja hakuwa kitandani. Alikuwa uani, mbele ya ndoo, ncha ya waya mkononi.

"Nionyeshe," alisema bila kugeuka.

Mkasi alileta wembe wa mama wa kufumulia nguo. Alikwaruza taratibu mpaka shaba ikatoka na rangi yake halisi, nyekundu kama udongo mpya. Ngoja alikwaruza ncha ya pili, akasokota, akaunganisha. Aliinua chupa. Honi ililia hadi bibi wa nyumba ya pili akatoka na ndoo bure.

"Bado, bibi! Tunajaribu!" walipiga kelele pamoja, na kabla hawajakumbuka kwamba wamekosana walikuwa wanacheka.

Kisha Ngoja alisema, "Onyesha taa yako siku ile. Nimekusamehe ile ahadi. Mimi beji si lazima."

Mkasi alijua Ngoja hana muhula mwingine hapa. Aliufikiria mwezi na mashimo yake siku zote zilizobaki, akila, akikata nyuzi, akilala upande usio wa ukutani.

Siku ya mwisho ukumbi ulijaa. Wazazi walikaa kwenye mabenchi, migongo yao ikikusanya vumbi la mbao. Taa ya cherehani ilikuwa kwenye meza, imefunikwa kitambaa, na Spika amesimama kando yake akisafisha koo kwa sauti ya kusikika barabarani. Mezani palikuwa pia na ndoo, chupa na honi.

"Mkasi," aliita Dada Fundi, "leo unaonyesha au unashuhudia?"

Mkasi alisimama. Aliitazama taa. Aliiondoa mezani na kumkabidhi Spika. "Nishikie mpaka muhula ujao."

"Wewe!" Spika alishtuka. "Na darubini je?"

"Nishikie, Spika."

Alikwenda mbele, akasimama karibu na Ngoja. "Mimi ni shahidi wa kengele hii. Nilimwona akikaa mbele ya ndoo hii kabla hajagusa kitu. Nilimwona akikosea, akifungua, akifunga upya. Hakuna aliyemfanyia. Siku moja kabla haijanyamaza, aliniuliza kosa liko wapi. Mimi nililiona nikamdanganya, kwa sababu ya wivu. Ncha moja ya waya nilimwonyesha, ya pili alikwaruza mwenyewe. Nimemaliza."

Dada Fundi hakumsifu wala hakumkaripia. Alimwuliza Ngoja, "Kwa nini ilinyamaza?" na Ngoja, safari hii bila kusema ngoja kwanza, alieleza habari ya waya uliovaa shati, halafu akamimina maji ndooni. Chupa ilipanda. Jogoo aliyekabwa alilia, na bibi wa nyumba ya pili akapiga makofi kuliko wote.

Dada Fundi alitoa beji ya bluu, akaiweka kwenye kiganja cha Mkasi. "Taa yako nimeiona, itakuja wakati wake," alisema. "Kambi haitakusubiri, sitakudanganya. Lakini fundi hujulikana kwa kusema ukweli kuhusu kosa, na leo umeanza ufundi. Haya, kamshonee mwenzako."

Walirudi nyumbani. Mama alikaa kwenye cherehani, akakanyaga, na taa ya Mkasi, ambayo Spika alikuwa ameirudisha mahali pake, ikawaka juu ya sindano kama kawaida yake. "Lete hiyo beji," alisema. "Kwa mashine ni sekunde tu."

"Hapana, mama. Nilisema kwa mkono wangu."

Alikaa kibarazani na shati la Ngoja mapajani. Moyo ulikuwa bado unauma kidogo. Alikiri hivyo mwenyewe, akautazama ule uchungu, hakuupa kazi. Alitunga uzi, akaanza, mishono midogomidogo kama alivyosema.

Ngoja alikuwa amesimama pembeni, mkono tayari umenyooshwa. "Imekwisha? Nipe nivae."

"Ngoja kwanza," alisema Mkasi, akairudia kona ile mara ya pili ili isije ikaachia, ndipo akaukata uzi.